Neno la mkaguzi ni "nionyeshe": kwa wanaoanza kuvua kwa burudani

Siku ya kwanza boti yangu kukaguliwa majini nilikuwa na kila kitu. Tulikuwa watu wanne na majaketi ya kuokolea maisha yalikuwa sita. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo, na boya la kurusha, filimbi na fataki za dharura za kuombea msaada pia. Afisa aliyepanda botini hakuniuliza kama ninavyo. Alisema, "Nionyeshe jaketi moja." Majaketi yalikuwa omo kabisa, yaani mbele ya boti, nyuma ya sanduku la barafu, bado yamo ndani ya mfuko wa nailoni yaliyotoka nao dukani. Nilisogeza sanduku, nikaondoa nanga na amari, kamba yake, iliyojiviringisha, kisha nikaanza kuung'ata ule mfuko kwa meno kwa sababu kisu nilikuwa nimekiacha tezini, nyuma ya boti, pamoja na ndoana. Afisa alisimama kimya akiangalia saa yake. Nilipolitoa jaketi la kwanza, dakika tatu na zaidi zilikuwa zimepita.

Hakunitoza faini. Alinionya tu, akaniambia kwamba boti ndogo ikiingiwa na wimbi tezini haikupi hizo dakika tatu.

Tangu siku ile nimewapeleka watu wengi kuvua, na karibu kila anayeanza huniuliza swali lilelile: "Nahitaji kununua nini ili nisikamatwe?" Swali lenyewe ndilo linalomponza. Kununua ni sehemu ndogo ya kazi. Katika nchi nyingi sheria inataka majaketi yawe mahali pa kufikika kwa urahisi, na boya la kurusha liwe karibu zaidi ya hapo, yaani mtu alichukue bila kufungua kitu chochote. Jaketi lililofungiwa kwenye kabati lenye kufuli, au lililo bado ndani ya nailoni, laweza kuhesabiwa kama halipo. Na ukifikiri vizuri utaona sheria haikuonei. Ni kweli halipo.

Sheria zenyewe hutofautiana. Zinaangalia urefu wa chombo, aina ya mashine, umbali unaokwenda kutoka ufukoni, kama utakuwa majini usiku, na idadi ya watu. Kwa hiyo usichukue orodha ya rafiki wa nchi nyingine ukaifanya yako. Tafuta ya mamlaka ya maji unayovulia, uisome na urefu wa boti yako ukiwa mkononi.

Nianze na jaketi, maana hapo ndipo watu wanapofia. Takwimu za walinzi wa pwani wa Marekani za mwaka 2023 zinaonyesha watu 564 waliokufa katika ajali za vyombo vya burudani. Pale ambapo sababu ya kifo ilijulikana, asilimia 75 walizama. Kati ya hao waliozama, wale ambao ilijulikana kama walivaa jaketi au la, asilimia 87 hawakuwa wamevaa. Wengi wanaoanza huniambia kwamba wakiona hatari ndipo watavaa. Jaribu kulivaa jaketi ukiwa ndani ya maji, mahali salama na mtu akikuangalia. Ukishafanya hivyo mara moja hutanibishia tena. Maji yakiwa baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, mwili hushtuka na mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Kama kichwa kimo chini ya maji wakati huo, ameyavuta maji. Akiipita dakika hiyo ya kwanza, ndani ya dakika kumi hivi vidole huanza kukataa kazi, na kifungo cha jaketi kinataka vidole.

Soma lebo iliyo ndani. Utaona namba kama 50, 100, 150 au 275, ambazo ni nguvu ya kuelea kwa kipimo cha nyutoni. La 50 ni la mtu anayejua kuogelea, aliye karibu na msaada. La 150 limetengenezwa kwa maji ya wazi, na kwa kawaida humgeuza aliyezimia akatazama juu. Lebo ikifutika au ikikatwa, mkaguzi ana haki ya kulikataa jaketi, kwa sababu hakuna tena kinachothibitisha uzito wa mtu linayemfaa. La mtoto hununuliwa kwa uzito wake wa leo. Usimnunulie la kukulia. Mvalishe, kisha liinue jaketi kwa mabega. Likimpanda hadi masikioni, halimfai, au mkanda wa kupita kati ya mapaja haujafungwa.

Wavuvi wengi hupenda jaketi la kujazwa gesi kwa sababu haliwabani wanaporusha mshipi. Nami nalipenda, ila lina masharti yake. Kichupa cha gesi hulegea chenyewe kwa mtikisiko wa boti, kwa hiyo kila safari kikaze kwa mkono. Kifungue pia mara moja moja utazame ncha yake: ikiwa na tundu, kimeshatumika. Uzito wake umechapwa ubavuni, basi kipime kwenye mizani ndogo ulinganishe. Mara moja kwa mwaka lijaze jaketi kwa mdomo jioni uliache hadi asubuhi. Likinywea, lina tundu. Na livae juu ya koti lako la mvua, kamwe si chini yake, kwa sababu likijaa ndani ya koti litakubana kifua.

Kuna jambo ambalo ukaguzi mwingi hauliulizi nami naliuliza kila safari: aliyeanguka atarudije botini? Rafiki yangu mmoja aliinama kumpokea samaki kwa wavu, boti ikayumba, akaenda. Jaketi lilikuwa mwilini, likamweka juu kama ilivyotakiwa. Nikazima mashine ili pangaboi isimkate, nikamfikia mapema tu. Kisha nikashindwa kumpandisha. Mtu mzima aliyeloa, viatu vimejaa maji, ubavu wa boti unateleza, nami nikimvuta boti inalala upande wake. Tulihangaika mpaka nikakumbuka kufunga kitanzi cha kamba tezini, akakanyaga humo kama ngazi. Alipopanda midomo ilikuwa inatetemeka na hakuweza kushika kikombe. Tangu hapo ngazi ya kukunja imefungwa tezini kwangu, na inaweza kuteremshwa na aliye majini mwenyewe. Kama huna nafasi ya ngazi, weka kamba yenye vitanzi viwili, ining'inie mahali anapoifikia.

Ukiwa peke yako, kamba ya kuzima mashine ndiyo ngazi yako ya kwanza. Ni ile ya rangi nyekundu, iliyojikunja kama waya wa simu za zamani, upande mmoja kwenye mashine na mwingine kwako. Ifunge pajani au kwenye jaketi. Wengi huizungusha kwenye usukani, na hapo haina kazi. Bila hiyo, ukianguka boti itakwenda zake, au itazunguka na kukurudia ikiwa na pangaboi inayokata. Marekani waliiweka katika sheria ya nchi nzima kwa boti nyingi ndogo kuanzia Aprili 2021.

Mtungi wa kuzimia moto usiufunge juu ya mashine wala juu ya tangi la mafuta. Moto ukianzia hapo utaufikiaje mtungi? Sindano iwe kwenye kijani, pini iwepo, na kama ni wa unga, ugeuze juu chini mara kwa mara kwa sababu unga hugandamana kwa mtikisiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama ngamani, chini kabisa ya boti, basi tangi la kubebeka lijazwe nchi kavu.

Taa na sauti nitazipitia haraka. Nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinaruhusu chombo cha mashine chenye urefu chini ya mita 7, kisichozidi mwendo wa noti 7 (maili 7 za baharini kwa saa), kuwasha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Boti iliyo chini ya mita 12 inatakiwa iwe na kitu cha kutoa sauti ya kusikika vizuri, kama honi au filimbi. Ziwashe taa kuzijaribu kabla ya kung'oa nanga, hata kama unakusudia kurudi mchana. Samaki wakianza kula jioni hakuna anayekumbuka jua.

Ila katika kanuni hizohizo kuna jambo moja ambalo wanaovua kwa mshipi hulikosea sana, na nimeona likileta ugomvi na karibu lilete maafa. Wengi wanaamini kwamba kwa kuwa wanavua, vyombo vingine vya mashine viwapishe. Sivyo. Chombo kinachohesabiwa kuwa kinavua ni kile ambacho nyavu zake au zana zake zinakizuia kugeuka. Anayekokota chambo kwa mshipi hahesabiwi humo. Wewe ni chombo cha mashine kama kingine chochote, na ukikutana na mwenzako mnakatiza njia, aliye kulia kwako ndiye unayempisha, hata kama fimbo imepinda.

Fataki za dharura zina tarehe ya mwisho, na ndicho kitu ambacho nimeona watu wakishikwa nacho mara nyingi kuliko vyote. Boti ya mvuvi wa burudani hukaa miezi bila kutoka, tarehe inapita kimyakimya. Ziweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, na tarehe uiandike nje ya kopo kwa kalamu nzito. Soma maelekezo sasa, kwenye mwanga, maana usiku kwenye mvua hutayaona. Ya kushika mkononi inyooshe nje ya boti, upande upepo unakoelekea, ili cheche zisiangukie mafuta. Za viwango vya meli za kimataifa huwaka dakika moja tu, na ile ya kurusha yenye mwavuli hupanda walau mita 300 na kuwaka sekunde 40. Ni muda mfupi. Usizimalize zote kwa hofu. Subiri uone au usikie chombo au ndege. Mchana, moshi wa rangi ya chungwa huonekana zaidi.

Simu ya mkononi ni nzuri lakini boti iliyo karibu nawe haisikii simu yako. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya majini, kwenye chaneli 16 inasikika na kila aliye karibu mwenye redio kwenye chaneli hiyo. Jifunze maneno yake: "Mayday", neno la kuomba msaada maisha yakiwa hatarini, mara tatu, jina la chombo, mahali ulipo, shida ni nini, mko wangapi. Mimi nimeyaandika kwenye kadi kando ya redio, kwa sababu atakayeita huenda si mimi. Huenda mimi ndiye niliye majini.

Sasa ukaguzi wenyewe. Boti ya doria ikikujia, punguza mwendo, shika uelekeo mmoja, na ufuate wanachokuambia. Usigeuke ghafla, usikimbilie kuficha wala kutupa kitu majini, hata kama ni takataka tu, maana wao hawajui ni nini. Kusanya mishipi, ndoana zisibaki zimening'inia ubavuni watakakopandia. Weka maboya ya ubavuni, yale ya kuzuia boti zisigongane, kama unayo. Kila mtu akae, mikono ionekane, na kama kuna kisu cha kuchunia samaki au silaha, waambie ilipo kabla hawajauliza. Nahodha aongee mmoja. Waliopo wakianza kujibu kwa pamoja, jambo la dakika kumi huwa la nusu saa.

Watataka hati za chombo na leseni ya kuvua. Ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Watahesabu watu na kulinganisha na kibao cha uwezo wa boti kama kipo. Mara nyingi wataangalia pia samaki, na hapa mgeni hujiponza bila kukusudia: anakata minofu majini, na sasa haiwezekani kupima urefu wala kujua ni samaki gani. Waache wazima hadi ufike nchi kavu, isipokuwa sheria ya mahali pako iseme vingine.

Ukikutwa na upungufu, usibishane. Uliza upungufu ni upi hasa na unatakiwa kuurekebisha kwa muda gani, upewe karatasi. Mambo mengine, kama majaketi kutotosha, mafuta kuvuja au kupakia kupita kiasi, yanaweza kukurudisha bandarini siku hiyohiyo. Inauma, najua. Umeamka usiku wa manane, umetayarisha chambo, na wenzako wanakutazama. Rudi tu.

Jumamosi hii kabla ya kutoka, kaeni ndani ya boti ikiwa bado juu ya trela. Kila mmoja afumbe macho. Taja kitu kimoja kimoja: mtungi, boya, kopo la fataki, ndoo ya kutolea maji botini, redio. Mkono wa kila mtu ukiguse. Kitakachochukua zaidi ya kuhesabu hadi kumi, kihamishe mahali pake, halafu mfumbe macho mrudie tena.