Usiombe kusamehewa somo la lahaja ya Kimisri

Ndugu yangu, unasema umepata nafasi ya kusoma shahada ya umahiri ya fasihi ya kisasa ya Kiarabu na filamu huko Cairo, na kwamba umeomba usamehewe somo la lahaja ya Kimisri kwa kuwa umekulia madrasa na Kiarabu fasaha, kile cha vitabuni, unakimudu vizuri. Kisha unauliza uanze na riwaya zipi, chumba utafute mtaa gani, na kama shahada hiyo ina ajira nyumbani. Ombi hilo la kusamehewa liondoe kabla halijajibiwa, halafu tuzungumze hayo mengine.

Nami niliambiwa maneno hayohayo uliyoambiwa wewe, karibu neno kwa neno: kwamba lahaja ni ya wauza maharage, na kwamba mwenye nahau na sarufi yake hapotei popote penye Waarabu. Aliyeniambia alikuwa mhitimu aliyetutangulia Misri, mtu wa heshima zake, nami nikawa nampokea na kumnukuu kana kwamba maneno yake yana isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi kama wa hadithi. Baadaye sana nikaja kujua kwamba yeye alisomea sharia, na kwamba kwa miaka yote aliyokaa kule hakuwahi kukanyaga jumba la sinema. Kwa mwanafunzi wa sharia ushauri wake hauna kasoro. Ninachoshindwa kumsamehe ni kwamba alinipa kwa uhakika ule mkubwa jibu la swali ambalo mimi sikumuuliza.

Aibu ya mitaani ilikuwa ndogo. Mwenye mgahawa wa ful, yale maharage ya Kimisri, aliponisikia nikiagiza chakula kwa irabu zote za mwisho wa maneno, ambazo mitaani hazitamkwi, aliniuliza kwa adabu kama ninaigiza katika tamthilia ya kihistoria ya Ramadhani. Nilicheka naye, nikala, nikaondoka. Hasara yenyewe ilinisubiri katika tasnifu.

Nilichagua kulinganisha riwaya ya mwandishi wa Misri Naguib Mahfouz, Bayn al-Qasrayn, iliyotoka 1956, na filamu iliyotokana nayo, iliyoongozwa na Hassan al-Imam mwaka 1964. Riwaya niliisoma yote kwa Kiarabu bila shida. Filamu niliitazama nikitegemea tafsiri ya Kiingereza inayopita chini ya picha, na maneno ya waigizaji nikiyashika machache tu. Nikafika penye tukio la Amina, yule mke ambaye hatoki nyumbani bila ruhusa, anapokwenda kuzuru msikiti wa al-Husayn mumewe akiwa safarini, akagongwa na gari, na mume akaja kumfukuza arudi kwa mama yake. Kitabuni, mume huyo, Bwana Ahmad Abd al-Jawwad, anazungumza Kiarabu fasaha, kizito na kilichopangika. Katika filamu anazungumza kama watu wa Cairo. Basi mimi nikajenga sura nzima juu ya tofauti hiyo, nikidai kwamba mwongozaji alimshusha hadhi mzee huyu kwa kumtia maneno ya mitaani kinywani ili awafurahishe watazamaji wa tabaka la chini. Nilikuwa na tanbihi nyingi, na nyingine, najisifu, zilikuwa nzuri.

Siku ya utetezi, mtahini mmoja aliniuliza swali moja tu kuhusu sura hiyo: mfanyabiashara wa Gamaliyya, mtaa wa kale wa Cairo, mwaka 1917, akiwa chumbani kwake usiku na mkewe, alikuwa akizungumza Kiarabu gani? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hoja yangu ilikuwa imesimama kwa kichwa. Filamu haikumshusha mtu yeyote. Ilimwacha azungumze kama alivyo. Aliyefanya uamuzi wa kisanii unaohitaji kuelezwa ni Mahfouz, aliyeshikilia Kiarabu fasaha katika mazungumzo ya riwaya zake maisha yake yote, ilhali yeye mwenyewe tangu miaka ya 1940 alikuwa akishirikiana na mwongozaji Salah Abu Seif kuandika filamu ambazo wahusika wake wanazungumza Kimisri. Tasnifu nzuri ilikuwa ndani ya swali hilo, nami nilikuwa nimeipita bila kuiona kwa sababu nusu ya ushahidi ilikuwa sautini na masikio yangu yalikuwa hayajafunzwa.

Niliandika upya sura mbili, muhula ukaongezeka, ufadhili haukuongezeka, na ada ikalipwa na kaka yangu, ambaye mpaka leo kila filamu ya Kiarabu ikionekana kwenye televisheni huniuliza kama hiyo nayo ninadaiwa. Msimamizi wangu, aliyepitisha pendekezo langu kwa saini bila kuniuliza kama nimewahi kukaa dakika kumi nikisikiliza filamu ile bila maandishi, yeye alinipa pole.

Na usidhani hili ni la Mahfouz peke yake. Riwaya ya Al-Ard ya Abd al-Rahman al-Sharqawi ya 1954 ina wakulima wanaozungumza kama wakulima ndani ya kitabu chenyewe, kabla Youssef Chahine hajaifanya filamu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo hata usomaji wa riwaya utakukwamia. Hadithi za Yusuf Idris, Mmisri mwingine, ndiyo kabisa: lahaja imejaa. Urs al-Zayn ya Msudani Tayeb Salih ina mazungumzo ya Kisudani, na filamu yake ya 1976 iliongozwa na Mkuwaiti, Khalid al-Siddiq. Ukianza kuuliza nani anazungumza lahaja gani humo, utapata mada ya kutosha bila kuninunulia mimi chai ya ushauri. Kamusi ya Hans Wehr utakayoambiwa ununue ni ya Kiarabu cha maandishi. Kwa filamu za Misri tafuta ya Hinds na Badawi, iliyotoka Beirut mwaka 1986.

Ukishaanza somo, chukua tukio moja fupi ambalo umelisoma riwayani. Funika maandishi ya tafsiri kwa kipande cha karatasi, sikiliza, uandike kila unachosikia kwa herufi za Kiarabu, hata kama hakina maana kwako, kisha weka ukurasa wa riwaya kando ya karatasi yako. Mwanzoni utaandika upuuzi mtupu, hasa herufi qaf zinapomezwa kama watu wa Cairo wafanyavyo. Halafu mpe mtu akusahihishe, lakini awe amezaliwa Cairo. Mimi nilimtegemea bawabu wa jengo letu, mzee mkarimu kutoka Saidi, kusini mwa Misri, ambako qaf hutamkwa "g", naye kwa moyo safi akanirekebishia daftari zima wahusika wa Mahfouz wakawa Wasaidi.