Pamba imejaa ghalani, mbona dalali anadai fedha?

SWALI: Tuna kiwanda cha kuchambua pamba hapa Mwanza. Kwa kuhofia bei kushuka, tuliuza mikataba 10 ya pamba ya baadaye, yaani ahadi za kuuza siku za mbele kwa bei iliyopangwa leo, kwenye soko la ICE, New York. Bei imepanda, na dalali anataka dola 15,000 kesho asubuhi. Marobota tunayo, na thamani yake imepanda pia. Tunalipia nini?
Msomaji, Igoma

JIBU: Bei ya huku ikipanda sawa na ya New York, hasara hakuna. Kinachokosekana ni fedha mkononi.

Mkataba mmoja ni ratili 50,000, karibu tani 22.7, hivyo kila senti ya bei kwa ratili ni dola 500. Senti 3 kwa mikataba 10 ndizo hizo 15,000. Aliyenunua hamdaiani naye: kituo cha kukamilisha miamala husimama katikati, kikawa mnunuzi wenu na muuzaji wake. Ili kisibebe deni la mtu, kila siku hupima bei na kukusanya tofauti. Dhamana ya mwanzo, ile mnayoweka mnapofungua mkataba, ni fungu jingine, nayo hupandishwa bei zikiyumba, yaani siku ambayo hamna kitu.

Marobota ya Mwanza hayawaokoi, kwani mkataba huo hukabidhiwa pamba iliyolimwa Marekani tu. Msipolipa, dalali atafunga mikataba yenu kwa kuinunua tena kwa bei ya siku hiyo. Bei ikishuka wiki ijayo, pamba yenu haina kinga tena. Machi 2008 bei iliporuka, wafanyabiashara wa pamba wenye maghala yaliyojaa walikwama namna hii.

Mwaka 2009, mjini Pittsburgh, nchi za G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, ziliamua kwamba hata mikataba sanifu inayoafikiwa nje ya soko ipitie vituo hivyo. Sheria za Marekani na Ulaya zikawapa nafuu wenye viwanda wanaojikinga tu, kwa hiyo benki inaweza kuwauzia kinga isiyodai fedha kila siku. Msidhani ni hisani: hatari ya ninyi kushindwa kulipa imeshawekwa ndani ya bei.

Msimu ujao, kabla ya kuuza mkataba wowote, pateni kwanza kibali cha mkopo wa dola unaohimili bei kupanda senti 10, yaani dola 5,000 kwa kila mkataba, mbali na dhamana ya mwanzo. Dola zikae tayari kwa dalali au benki yake. Kuzitafuta Mwanza usiku mmoja ni kamari. Kingeni pamba mliyokwisha kuinunua na ambayo bado haina bei ya kuuzia, basi. Benki ikikataa, nunueni haki ya kuuza kwa bei maalumu: ada ni kubwa, ila hulipwa mara moja, na bei ipae ipaavyo hamdaiwi tena.