Kitasa cha mlango kimegoma na betri imekufa: tafadhali usilazimishe ufunguo

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: betri ya gari imekufa, rimoti haiitiki, na ufunguo unaingia kwenye kitasa cha mlango wa dereva lakini haugeuki upande wowote. Nakusihi kwanza uweke chini koleo la kulazimishia ufunguo, kwa sababu ufunguo ukikatikia ndani utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya hili ulilonalo.

Ninaishi Tanga, karibu na bahari, na kitasa cha gari langu kiliwahi kugoma vivyo hivyo. Rimoti haigusi kabisa silinda ya ufunguo, yaani kile kipande cha kitasa kinachozunguka pamoja na ufunguo. Huamuru mota ndogo iliyo ndani ya mlango, nayo ndiyo inayofunga na kufungua. Kwa hiyo gari linaweza kukaa miaka bila mlango wake kuingizwa ufunguo hata mara moja, huku vumbi na hewa ya chumvi vikijikusanya tunduni. Ndani ya silinda mna vibao vyembamba vinavyosukumwa na springi ndogo, na ufunguo sahihi huvipanga vyote sawasawa ili silinda iweze kuzunguka. Kibao kimoja kikinata, silinda yote inakataa. Tena mwili wa kitasa mara nyingi ni wa aloi ya zinki, ambayo ikiliwa na chumvi hutoa unga mweupe unaobana kila kitu.

Kabla ya dawa yoyote, jaribu ufunguo wa akiba, kwa kuwa ule wa kila siku huenda meno yake yamelika. Jaribu pia kitasa cha buti, ikiwa gari lako linacho, maana ukipata njia ya nyuma unaweza kupenya hadi kwenye wenzo wa boneti na kuifikia betri.

Ikishindikana, tafuta kopo la dawa ya kulegeza kutu, kama WD-40. Pitisha mrija wake kwenye kile kifuniko kidogo cha vumbi kilichoziba tundu, kisha pulizia hadi uchafu uanze kutiririka nje. Ingiza na kutoa ufunguo mara nyingi bila kuuzungusha, ukiufuta kila utokapo mweusi. Hatua hii ndiyo inayofanya kazi yote, na ndiyo watu wanayoiruka kwa haraka. Subiri kama robo saa, rudia, halafu jaribu kuuzungusha kushoto na kulia kwa nguvu ya vidole viwili tu, ukiutikisa kidogo juu na chini. Changu kililegea hatua kwa hatua, wala si kwa mkupuo.

Mafuta ya kupikia na grisi usitie kamwe, kwani hunasa vumbi na kuwa utomvu. Kitasa kikishalegea na kukauka, kitie unga wa grafiti (kilainishi kikavu), na tangu hapo fungua mlango kwa ufunguo walau mara moja kwa wiki.

Wenzetu walioko Kanada au Sweden, ambako kinachoshika vibao ni barafu, watumie dawa ya kuyeyusha barafu yenye alkoholi. Maji ya moto wasimwage, kwa sababu yatakayobaki ndani yataganda upya.

Ikiwa ufunguo unazunguka kwa ulaini lakini mlango haufunguki, hilo ni jambo jingine: pengine kibanio cha fimbo inayounganisha silinda na loki (sehemu inayoushika mlango usifunguke) kimechomoka, na hapo lazima paneli ya mlango ifunguliwe. Na kama silinda imekataa kabisa, fundi aitoe na kuisafisha, au ahamishie vibao vyako kwenye silinda nyingine. Usikubali kufungiwa tu silinda ya gari lililokatwa kwa ajili ya spea, kwa sababu utalazimika kubeba ufunguo mmoja wa mlango na mwingine wa kuwashia gari.