Bibi wa ugoro na kijana wa vepu, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni nesi kwenye zahanati moja huku Kwale, tunaona wagonjwa wa presha, sukari na TB. Wavuta sigara wapo, ila nina kina mama wazee wanaoweka ugoro mdomoni, vijana wa bodaboda na kuberi zao, na siku hizi vepu, zile sigara za kielektroniki, nazo zimeingia. Nikiwaambia waache wananiitikia "sawa dada", halafu mwezi ukiisha mtu anarudi vile vile. Dawa za kuwaachisha hatuna. Nianzie wapi?

JIBU: Marhaba mwanangu. Anza na namna unavyouliza. Ukimuuliza bibi "unavuta sigara?" atasema hapana, na hajakudanganya, ugoro wake umefungwa kwenye pindo la leso hapo hapo mbele yako. Uliza hivi: unatumia tumbaku yoyote, ya kuvuta, kunusa, kuweka mdomoni, au vepu? Akikubali, muulize akiamka inachukua muda gani kabla hajatumia ya kwanza. Anayeanza ndani ya nusu saa nikotini imemshika kisawasawa, huyo kumwambia tu "acha" hakutoshi.

Ugoro watu wanaudharau sana kwa vile hauna moshi na hilo linaniuma, maana mara nyingi unachanganywa na magadi, na magadi ndiyo yanayofanya nikotini ipenye haraka kwenye ngozi laini ya mdomo, sasa bibi anayeweka kidogo kidogo kutwa nzima anapata nikotini nyingi kweli. Muombe afungue mdomo, angalia pale pale anapouweka, kati ya mdomo wa chini na ufizi. Ukikuta baka jeupe lisilofutika au kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona, mwandikie rufaa siku hiyo hiyo. Mpige picha kwa simu yake mwenyewe umuonyeshe, wengi hawajawahi kupaona.

Kuberi nayo ni tumbaku, hata kama kipakiti chake kinafanana na cha majani ya chai. Waambie vijana wazi, wapo wasiojua. Uganda sheria yao ya 2015 ilipiga marufuku tumbaku za kutafuna, shisha na vepu zote pamoja. Na vepu yenye harufu ya embe inaweza kuwa na nikotini tele, tena haina kishungi cha kuhesabu, kwa hiyo muulize moja inamchukua siku ngapi, hapo utajua ametopea kiasi gani.

Halafu mpange siku ya kuacha, ndani ya wiki mbili, na umwambie ukweli kuhusu arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa nikotini: siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi, hasira, kichwa, njaa, usingizi hakuna, kisha inalegea wiki hadi wiki. Hamu ikija ghafla hupita ndani ya dakika chache, bibi atafune karafuu au tangawizi, kijana anywe maji atoke stejini kidogo. Anayekaa kwenye kikao cha muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, kila jioni ni vigumu sana sigara imtoke, hilo mliongee mapema. Na kahawa pia: moshi wa sigara hufanya ini liimalize kahawa haraka, akiacha kuvuta kikombe kile kile kinamkaa mwilini muda mrefu, moyo unaenda mbio, anadhani ni arosto anarudia sigara. Apunguze nusu.

Kuhusu dawa, mwombeni in-charge azidai kwenye oda. Shirika la Afya Duniani liliweka chingamu na plasta za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, na mwongozo wake wa 2024 unazikubali hata kwa tumbaku isiyo na moshi, pamoja na vareniklini, kidonge cha kupunguza hamu ya nikotini. Kwa anayeweza kununua famasi, anayevuta ndani ya nusu saa ya kuamka atumie chingamu ya miligramu 4, wengine 2. Aitafune taratibu mpaka iwashe kisha aibane shavuni, ikiacha kuwasha atafune tena, na asinywe soda wala kahawa robo saa kabla. Mjamzito aonwe na daktari kwanza.

Lakini hata bila dawa, mpigie simu ndani ya wiki ya kwanza. Hapo ndipo wengi wanaporudia, na ndipo tunapowaacha peke yao. Wa TB unawaona kila mara, itumie nafasi hiyo. Anayetaka kuongea na mtu mwingine, NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu 1192, ni bure. Na akirudi amevuta usimgombeze, muulize alikuwa wapi, na nani, saa ngapi, mpange siku nyingine, na tarehe uiandike kwenye kadi yake kabla hajainuka.