Mwalimu Anajibu: Kiingereza cha mtihani

Mwezi huu karibu barua zote zimetoka kwa watahiniwa na wazazi wao. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu tatizo lake nimeliona kwa wanafunzi wengi kuliko tatizo jingine lolote.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne, Kilosa. Kanuni za sarufi nazijua, nyakati zote nimezikariri, na kwenye kikundi chetu cha kujisomea mimi ndiye ninayewaelekeza wenzangu. Lakini mtihani wa utimilifu (mock) nimepata D tena. Kwenye ufahamu ndiko ninakoanguka. Nimeshanunua vitabu vitatu vya sarufi. Nakutumia picha za karatasi yangu. Ninakosea wapi?
*Mwanafunzi, Kilosa*

Marahaba, mwanangu. Cha nne usinunue. Ahsante kwa picha, maana bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha.

Kifungu chenu cha ufahamu kinamhusu mzee aliyeuza mbuzi wake. Sentensi ya tatu inasema: "He did not sell his goats because he was poor, he sold them because the well had dried up." Swali likauliza kwa nini mzee aliuza mbuzi. Wewe ukaandika: "Because he was poor." Sentensi hiyohiyo inakanusha jibu lako. Najua ulivyofika hapo. Ulisoma swali, ukarudi kwenye kifungu kutafuta "sell" na "goats", ulipoyaona ukanakili kilichofuata baada ya "because". Hukusoma hadi nukta, na "did not" hukuiona kabisa.

Swali la nne lilitaka maana ya "bore" katika "He bore the loss quietly." Umeandika neno la kuchosha, kwa sababu hiyo ndiyo maana uliyokariri ya "bore". Hapa ni wakati uliopita wa "bear", yaani mzee alistahimili hasara yake bila kulalamika. Neno "quietly" lipo palepale likikusaidia: mtu hachoshi hasara kimyakimya. Swali la sita umeliacha wazi. Waliuliza tunajuaje kwamba wanakijiji walimheshimu mzee. Umelikosa kwa sababu neno la heshima halimo kwenye kifungu. Lakini kuna mstari unaosema kwamba kila aliposimama kuzungumza hata watoto walinyamaza. Hilo ndilo jibu.

Makosa haya matatu hayaponi kwa kitabu cha sarufi. Yanapona kwa namna ya kusoma. Soma kifungu chote mara ya kwanza ukiwa umeweka kalamu chini. Wapo walimu wanaowaambia wanafunzi waanze na maswali, na kwa msomaji mwepesi sina ugomvi nao. Kwa mwanafunzi anayewinda maneno kama wewe, kuanza na maswali kunazidisha tabia hiyohiyo. Ukimaliza kila aya, jiambie kwa sentensi moja kimetokea nini. Jiambie kwa Kiswahili. Najua shule nyingi zina kibao kinachokataza Kiswahili getini, na najua adhabu zake. Lakini unapojisomea peke yako, njia ya haraka ya kujua kama umeelewa ni kujieleza kwa lugha unayoiota. Ukishindwa kuisema aya hiyo kwa Kiswahili, basi hukuielewa kwa Kiingereza.

Ndipo usome maswali. Kwa kila swali tafuta sentensi inayokupa jibu, ipigie mstari, uisome kutoka herufi kubwa hadi nukta, halafu ujibu kwa sentensi yako kamili.

Sasa sarufi. Unasema kanuni unazijua, na ninakuamini, maana sehemu ya kuchagua jibu sahihi umepata vizuri. Lakini kwenye insha yako umeandika "My father he said that he is tired", na chini yake "Although it was raining but we went to the farm." Kanuni zinakaa kichwani, ila mkono bado unaandika Kiswahili. Sisi tunasema "Baba yangu alisema": ile "a" ya mtendaji lazima iwepo, kwa hiyo unaihamishia kwenye Kiingereza na kuandika "he" isiyohitajika. Tunasema "ingawa... lakini", na kwetu ni sawa kabisa, ila Kiingereza kinataka kimoja kati ya hivyo viwili. Na kubwa kuliko yote, tunasema "Alisema amechoka" bila kugusa wakati wa tendo la pili. Kiingereza kikianza na "said" huwa kinalirudisha tendo la pili nyuma: "He said that he was tired." Kauli ya taarifa haikosekani kwa urahisi kwenye mitihani yetu, kwa hiyo hapa usipite haraka.

Fanya hivi kila jioni. Chukua sentensi moja aliyoisema mtu nyumbani kwenu siku hiyo, kwa Kiswahili chake, uiripoti kwa Kiingereza. Mama akisema "Nimechoka, nitapika kesho", andika: "Mother said that she was tired and that she would cook the next day." Tazama vitu vilivyobadilika: "am" imekuwa "was", "will" imekuwa "would", "tomorrow" imekuwa "the next day", na "I" imekuwa "she". Sentensi moja ya nyumbani imekufundisha mambo manne, na hutaisahau kwa sababu sauti ya mama yako imo ndani yake.

Anza pia daftari la makosa. Kila karatasi inaporudi imesahihishwa, usitazame jumla na kuikunja. Kwa kila alama uliyoipoteza andika sababu: sikuelewa kifungu, sikuelewa swali, sikujua neno, au jibu nililijua ila sentensi ikaharibika. Baada ya karatasi chache utaona sababu moja inajirudia, na hiyo ndiyo utakayoifanyia kazi. Mwombe mwalimu wako pia akuonyeshe taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya NECTA, na ndani yake kuna nakala za majibu halisi ya watahiniwa, mazuri na mabovu, pamoja na maelezo ya kwa nini hili lilipata na lile likakosa. Inaniuma kuona mwanafunzi anatoa fedha kununua kijitabu cha kubashiri maswali wakati taarifa hizo zipo na hazisomwi.

D inaishia alama 44, na C inaanzia 45. Kwa karatasi niliyoiona, maswali yale matatu ya mzee na mbuzi pamoja na zile sentensi mbili za insha yangeweza kukuvusha.

Mwalimu, salaam. Mwanangu amemaliza darasa la saba Septemba, na Januari anatarajia kuanza kidato cha kwanza shule ya kata. Amesoma kwa Kiswahili miaka yote. Mtaani kwetu kuna tuisheni ya prifomu wani lakini hela yake si ndogo kwangu. Nimlipie? Mimi mwenyewe Kiingereza sikijui.
*Mama wa mtoto mmoja, Mbagala*

Salaam, mama. Wasiwasi wako una msingi. Januari mwanao hatakutana na Kiingereza kama somo moja tu. Biolojia, Jiografia, Fizikia, vyote vitageuka lugha siku hiyohiyo. Mtoto aliyekuwa akijibu vizuri darasani anaweza kunyamaza muhula mzima, na watu wakadhani akili imepungua.

Kabla ya kulipa, nenda ukae nje ya darasa hilo la tuisheni nusu saa. Ukiona watoto wananakili notisi za kidato cha kwanza kutoka ubaoni na hakuna anayefungua mdomo, rudi na hela yako. Ukisikia watoto wanasoma kwa sauti, wanaulizwa na wanajibu hata kwa kukosea, na mwalimu anasahihisha madaftari, hapo lipa ukiweza.

Usipoweza, bado kuna mengi ya kufanya. Tafuta vitabu vyembamba vya hadithi za Kiingereza, vya darasa la nne au la tano la shule za mchepuo wa Kiingereza. Vya mitumba vinapatikana kwa bei nafuu. Visiwe vigumu: ukurasa wenye maneno mapya zaidi ya manne au matano unamkatisha tamaa. Asome kwa sauti, halafu akusimulie wewe kwa Kiswahili. Hapo ndipo unapoingia, mama, na huhitaji Kiingereza. Muulize: kwa nini huyo mtu alikimbia? Nani alimwambia? Mwisho alipata alichotaka? Akijikwaa kwenye kusimulia, mrudishe kwenye ukurasa. Hayo ndiyo mazoezi ya ufahamu, na umeyaendesha wewe.

Msamiati asiukariri kwa orodha ndefu za neno na maana yake. Orodha zinamdanganya, kwa sababu kitenzi chetu kimoja Kiingereza hukigawa vipande vingi. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi na tunapiga mswaki. Mtoto aliyekariri kuwa kupiga ni "beat" ataandika "I beat a photo", na atashangaa kukosa. Kwa hiyo kwenye daftari aandike kundi zima la maneno: "take a photo", "iron a shirt", "brush my teeth", "make a phone call". Vivyo hivyo kwa kufanya: "do homework", lakini "make a mistake". Kila kundi alitungie sentensi inayomhusu yeye, na ayarudie kesho yake, kisha baada ya siku chache, kisha wiki ijayo.

Halafu kuna maneno ya maagizo atakayokutana nayo katika kila somo: "define", "mention", "explain", "compare", "label". Hayo ayajue kabla ya Januari. Kuna watoto wanaolijua jibu la Biolojia ila hawajui wameambiwa wafanye nini.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma Kilifi, Kenya, najiandaa kwa KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari. Kwenye Karatasi ya Kwanza, lile swali la kujaza mapengo kumi hunipotezea alama kila mara, na yale maneno ninayokosa huwa ni madogomadogo. Nifanyeje?
*Mtahiniwa, Kilifi*

Marahaba. Ni kweli, ni hayo madogo. Alama 10 zile zinawaponyoka hata wanafunzi wenye insha nzuri sana.

Wengi hujaza pengo mara wanapolifikia, wakiwa wamesoma nusu ya sentensi tu. Soma aya yote kwanza. Kisha kwa kila pengo tazama pande zote mbili, hasa mbele, maana neno linaloamua mara nyingi liko baada ya pengo. Mfano: "The fisherman did not know ____ to laugh or cry." Wengi wanaweka "if", kwa kuwa vichwani mwao wanasikia "hakujua kama acheke au alie". Lakini baada ya pengo kuna "to", na "if" haifuatwi na "to" namna hiyo. Jibu ni "whether". Mwingine: "The boat was ____ small to carry us all." Wanaweka "very". Tazama mbele, kuna "to carry". Inayokwenda na "to" hapo ni "too". Kama baada yake kungekuwa na "that", ungeandika "so".

Jitengenezee mazoezi mwenyewe. Chukua aya kutoka kitabu chochote kizuri, mwenzako afute maneno kumi yakiwemo madogo, wewe uyarudishe, kisha mlinganishe na kitabu. Pale ulipotofautiana na kitabu, mbishane mpaka mjue kama neno lako nalo lingekubalika. Huko kubishana ndiko kunakofundisha. Na neno moja tu kwa kila pengo, tafadhali.

Shikamoo mama. Nina bodaboda hapa Mbeya. Narisiti kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kutwa niko kijiweni, usiku nimechoka. Kiingereza nakifanyia mazoezi saa ngapi?
*Dereva, Mbeya*

Marahaba, mdogo wangu. Nakupongeza kwa kurudi.

Kijiweni una vipande vya muda kati ya abiria na abiria, na vipande hivyo vinatosha kwa msamiati na kusoma. Chukua habari moja fupi ya gazeti la Kiingereza, *Daily News* au *The Citizen*, habari moja kwa siku. Asubuhi isome tu. Mchana itafutie maneno matatu usiyoyajua, lakini bahatisha maana kabla ya kufungua kamusi ya kwenye simu. Jioni andika sentensi tatu za kuifupisha, bila kuitazama. Kufupisha kunakufaa kwenye muhtasari na kwenye ufahamu pia.

Ila karatasi nzima haifanyiki kijiweni. Mtihani ule ni saa tatu, na mtu aliyekaa miaka bila kukalia dawati huchoka mkono na akili kabla ya kufika kwenye insha. Tenga siku moja ya wiki, zima simu, kalia karatasi ya mwaka uliopita saa tatu kamili. Kisha mtafute mwalimu wa Kiingereza wa sekondari yoyote iliyo karibu na kijiwe chako akusahihishie insha na sentensi zako, hata kama malipo yake ni kumpeleka nyumbani jioni. Sehemu ya kuchagua unaweza kujisahihishia mwenyewe, lakini insha haijisahihishi. Kosa la mkono wako wewe hulioni, umeshalizoea. Mwambie asikuandikie jibu sahihi. Apige mstari tu chini ya kosa, wewe urekebishe na umrudishie wiki inayofuata.

Ukishapata karatasi mbili zilizosahihishwa hivyo, nitumie picha zake.