Maswali ya Wasomaji: Kiazi Kimelegea, Maji Yamekwenda Wapi?

Swali: Tuliloweka vipande vya kiazi, vingine kwenye maji matupu na vingine kwenye maji ya sukari. Vya maji matupu vilikakamaa, vya sukari vikalegea hadi vikawa vinapindika. Mwenzangu anasema vimelegea kwa sababu sukari imeingia ndani. Mimi nina shaka. Halafu kila kundi lilipata majibu yake, hakuna yaliyofanana. Tufanyeje?

Jibu: Shaka yako ina msingi. Kilicholegeza kiazi si sukari iliyoingia, ni maji yaliyotoka.

Seli ya kiazi ina ukuta kwa nje na utando kwa ndani, na wanafunzi wengi huvichanganya hivi viwili. Ukuta umejengwa kwa selulosi. Ni mgumu, lakini hauchagui: maji hupita, na sukari iliyoyeyuka hupita pia. Anayechagua ni utando. Molekuli ya maji ni ndogo na hupenya kwa urahisi, ilhali molekuli ya sukari ya kawaida ni kubwa na huzuiwa. Kwa hiyo, nje kukiwa na sukari nyingi kuliko ndani ya seli, sukari haiwezi kuingia kusawazisha mambo, na maji ndiyo hulazimika kutoka. Mwendo huo wa maji, kutoka kwenye myeyusho hafifu kwenda kwenye myeyusho mzito kupitia utando unaochagua, ndio osmosisi. Difyusheni ni pana zaidi: ni kusambaa kwa chembe zozote kutoka penye nyingi kwenda penye chache, na haihitaji utando. Harufu ya manukato hukufikia ukiwa upande wa pili wa chumba kwa njia hiyo, ikisaidiwa na mwendo wa hewa.

Kwenye maji matupu mambo hugeuka. Maji huingia, vakuoli (mfuko wa maji ulio katikati ya seli) hujaa, utando husukuma ukuta, na ukuta hukataa kutanuka zaidi. Msukumo huo ndio ukakamavu ulioushika mkononi. Seli nyekundu ya damu haina ukuta wa kuizuia, hivyo ukiitia kwenye maji matupu huvimba na kupasuka. Ndiyo maana maji ya chumvi ya dripu hutengenezwa kwa gramu 9 za chumvi katika lita moja, yaani asilimia 0.9, ili yalingane na hali ya ndani ya seli.

Kuna swali la mtihani linaloangusha wengi. Seli ya mmea ikipoteza maji mengi, utando hujivuta na kuachana na ukuta. Nafasi inayobaki katikati ina nini? Wengi huandika "hewa", na si kweli. Imejaa ule myeyusho wa sukari wa nje, kwa sababu ukuta haukuuzuia. Anayekumbuka nani anachagua na nani hachagui hakosei hapo.

Sasa kuhusu majibu kutofautiana. Karibu kila mara tatizo liko kwenye kukata, kukausha na kupima.

Anzeni na sukari. Pimeni gramu 34.2 za sukari, ziyeyusheni kwenye maji kidogo, kisha ongezeni maji *mpaka* ujazo ufike mililita 100. Msimimine mililita 100 za maji juu ya sukari, maana ujazo utazidi na myeyusho utakuwa hafifu kuliko mnavyodhani. Huo ndio myeyusho wa moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa chembe). Kupata 0.2, changanyeni mililita 4 za huo na 16 za maji, kupata 0.4, mililita 8 na 12. Endeleeni hivyo hadi 0.8, ambayo ni 16 na 4. Chombo kimoja kiwe cha maji matupu.

Vipande vyote vitoke kwenye kiazi kimoja, kwa sababu viazi viwili havina sukari sawa ndani. Ondoeni ganda lote. Lina tabaka linalozuia maji, na kipande chenye ganda upande mmoja hupinda badala ya kurefuka. Urefu wa sentimita 5 unatosha. Wekeni vitatu kila chombo ili mpate wastani, vizame kabisa, na mviache angalau dakika 30. Saa moja au zaidi ni bora, kwani mabadiliko ya uzito katika dakika chache ni madogo mno kwa mizani nyingi za shule.

Kosa kubwa kuliko yote hutokea wakati wa kutoa. Kipande chenye matone juu yake kina uzito usio wake. Kikikamuliwa kwa nguvu, kinapoteza maji ya ndani. Kiviringisheni taratibu juu ya karatasi ya kufutia, kila upande mara moja, kisha kipimeni palepale. Namna iwe moja kwa vipande vyote, kabla na baada.

Msilinganishe gramu na gramu, kwa kuwa vipande havikuanza na uzito mmoja. Toeni uzito wa mwanzo kwenye uzito wa mwisho, gawanyeni kwa uzito wa mwanzo, zidisheni kwa 100. Kipande kilichotoka gramu 3.20 hadi 3.52 kimeongezeka asilimia 10, kilichotoka 2.50 hadi 2.25 kimepungua asilimia 10. Chorani grafu ya asilimia hizo dhidi ya nguvu ya myeyusho. Mstari unapokata sifuri ndipo nguvu ya myeyusho wa nje inapolingana na ya ndani ya kiazi. Maji bado yanaingia na kutoka hapo, ila kwa kiasi sawa.

Mkibaki na muda, chemsheni kipande kimoja kwanza, kisha mkiweke kwenye maji matupu. Hakitakakamaa. Joto limeharibu utando, na pasipo utando hakuna osmosisi.

Swali: Nimefuata hatua zote za kupima wanga kwenye jani, lakini iodini imebaki na rangi yake ya kahawia. Je, jani langu halifanyi usanisinuru?

Jibu: Usilihukumu jani mapema. Kwanza angalia lilikochumwa: mmea uliokaa gizani siku mbili huwa umetumia wanga wake, kwa hiyo chuma jani lililopigwa na jua kwa saa kadhaa. Pili, majani ya kitunguu hayafai, kwa sababu mmea huo huhifadhi chakula kama sukari, si wanga.

Jani likiwa sahihi, chunguza hatua. Kulichemsha kwenye maji kwa dakika moja huvunja tando za seli. Ukiruka hapo, iodini haiingii vizuri. Spiriti iliyo moto huondoa klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani. Ukitoa jani likiwa bado kijani, rangi hiyo itaficha matokeo. Likitoka huwa kavu na hukatika, hivyo lichovye kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kulitandaza na kulidondoshea iodini. Subiri dakika chache uone bluu-nyeusi, rangi inayoonyesha kuwa wanga upo.

Na tafadhali, zima moto kabla ya kufungua spiriti. Mvuke wake hushika moto haraka. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 tu, kwa hiyo neli yenye spiriti na jani ikisimamishwa ndani ya bika (chombo cha kioo) la maji yaliyotoka kuchemka inatosha.

Swali: Kwenye hadubini naona duara zenye kingo nene nyeusi. Ndizo seli za kitunguu?

Jibu: Hapana, ni mapovu ya hewa. Seli za kitunguu ni ndefu, zimepangana kama matofali, na kingo zake ni nyembamba. Chukua ngozi laini ya upande wa ndani wa gamba nene la kitunguu, itandaze kwenye tone la maji bila mkunjo, ongeza tone la iodini, kisha shusha kifuniko kwa kukilaza polepole kutoka upande mmoja ukikiegemeza kwa sindano. Kikiangushwa bapa, hewa hunaswa chini yake. Anza na lenzi yenye ukuzaji mdogo. Usitafute kloroplasti (vijumba vya kijani vya usanisinuru), kwani gamba la kitunguu halipati mwanga. Tafuta kiini, kidoa cha mviringo kilichokolea rangi ya iodini, mara nyingi kikiwa kimesogea karibu na ukuta.