pH Ilinihangaisha Bure, Tatizo Lilikuwa Alkali

Asubuhi moja nilipima maji ya tangi langu la matumbawe, nikakuta pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ni 7.8. Kichwani nilikuwa nimekariri kwamba lazima iwe 8.3, basi nikamimina dawa ya kuipandisha. Jioni ikapanda, kesho yake imeshuka, nikamimina tena. Siku ya nne hita ilikuwa imeganda vumbi jeupe kama unga, pampu inakoroma, na ncha za matumbawe ya matawi zimebaki mifupa mitupu.

Nilipopima alkali, yaani akiba ya kabonati na bikabonati majini inayozuia pH isiyumbe, ambayo sikuwa nikiijali kabisa, nikakuta digrii 13 (dKH, si za joto). Kabla ya hapo ilikuwa 8. Dawa nyingi za pH ni kabonati na bikabonati, kwa hiyo kila kifuniko nilichomimina kilikuwa kinaongeza alkali. Na pH? Ilikuwa inashushwa na hewa ya chumba. Madirisha yalikuwa yanafungwa usiku kucha, kabonidayoksaidi tunayoitoa tukipumua inaingia majini. Nilipoanza kuacha dirisha wazi, asubuhi nikasoma 8.1 bila tone la dawa.

Siku hizi naanza na alkali. Tumbawe hujenga mifupa kwa madini ya kalisi na kabonati kwa pamoja, na kila digrii moja ya alkali inayoliwa huondoka na takriban miligramu 7 za kalisi kwa lita. Saba ukizitoa kwenye miligramu 420 za kawaida huzioni, kipimo cha nyumbani hakina macho hayo. Lakini digrii moja kwenye 8 inaonekana mara moja. Navuta mililita 5 za maji kwa bomba la sindano, nadondosha tone la dawa ya kupimia, natikisa, nahesabu, hadi buluu igeuke manjano. Napima saa ileile kila mara, maana tangi la asubuhi si tangi la jioni.

Kujua kiasi cha kuongeza ni rahisi: siku mbili usitie kitu. Ikishuka kutoka 8.6 hadi 7.8, tangi lako linakula 0.4 kwa siku, basi rudisha 0.4 kwa siku. Ukikuta imeshuka sana, usipandishe zaidi ya digrii moja kwa siku. Dawa ya kalisi na ya alkali usizimimine mahali pamoja kwa wakati mmoja. Zikikutana maji yanakuwa kama tui, na ulichonunua kinaishia chini kwenye mchanga.

Ukiona kalisi na alkali hazitulii hata ufanyeje, angalia madini ya magnesiamu. Ikiwa chini sana ya miligramu 1300 hivi kwa lita, hizo mbili huganda ovyo.

Ila kabla ya yote hayo, chumvi. Iwe gramu 35 kwa kilo ya maji, na refraktometa, kifaa cha kupima chumvi, uirekebishe kwa maji maalumu yenye chumvi ya 35, si kwa maji matupu. Maji yakipungua kwa mvuke, jazia maji yasiyo na chumvi yaliyosafishwa, kwa kuwa chumvi haiondoki na mvuke. Hili nimeshawahi kulikosea pia, lakini tuliache.

Ile 13 sikuishusha kwa dawa. Niliacha kuongeza chochote, nikawa nabadilisha maji kidogo kidogo, ikachukua karibu wiki mbili kurudi 8. Ncha nyingi zilifunikwa tena na nyama. Tawi moja nililikata.